Mtaa Uliorukwa

Ofisini walimwita Dada Vifungo, kwa sababu begi lake la sampuli lilimtangulia kwa kelele kabla mwenyewe hajafika mlangoni. Alikuwa mwakilishi wa mauzo katika kampuni ya nyuzi, zipu na vifungo, na wateja wake walikuwa mafundi cherehani. Kwa miaka mingi alihudumia upande wa chini wa mji, penye soko na maduka makubwa ya vitambaa. Upande wa juu, kwenye mitaa ya zamani, ulikuwa wa mwenzake mmoja aliyewabeba wateja wake wote kichwani. Siku mwenzake huyo alipoacha kazi kwenda kufungua duka, aliondoka na kichwa chake, na wateja nao wakaondoka humo humo.

Ndipo meneja mpya, mwanamke mdogo kwa umri aliyehamishwa kutoka tawi jingine, akabandika ramani kubwa ya mji ukutani, akaweka mezani kibati cha pini zenye vichwa vya rangi. Nyekundu kwa fundi anayenunua kila wiki, njano kwa anayenunua akikumbuka, nyeupe kwa ambaye bado hajanunua kabisa. Njia ya kila siku ilitakiwa kuonyeshwa kwa uzi, na uzi kwao haukuwa kitu cha kutafuta.

"Sitaki mchoro wa kupendeza," alisema meneja. "Nataka nikiamka Jumatatu nijue kila mmoja wenu anaelekea wapi, na kwa nini huko na si kwingine. Mtu asivuke mji mara mbili kwa siku kama anayetafuta mbuzi aliyepotea."

Wote wakacheka, isipokuwa wale waliokuwa na tabia hiyo.

"Upande wa juu nani anaujua?"

Mmoja akajikuna shingo, mwingine akakumbuka simu yake. Dada Vifungo akatazama viatu vyake.

"Nimezaliwa kule," alisema mwishowe.

"Basi, mwenye nao amepatikana."

Hakukuwa mbali. Kutoka nyumbani kwake ungeweza kwenda na kurudi kabla wali haujaiva. Lakini tangu familia yake ihame kule, yeye akiwa msichana anayemaliza shule, alikuwa hajapata sababu ya kurudi, na kukosa sababu nako hugeuka mazoea.

Jioni alimweleza baba yake. Mzee alikuwa akiishi naye tangu mama alipofariki. Zamani mji mzima ulimjua kwa jina la Fundi Kola, kwa sababu kola ya shati aliloshona yeye ilisimama yenyewe bila kuombwa. Sasa macho yalikuwa yamechoka. Aliweza kushona vifungo tu, kwa kupapasa, na muda uliobaki aliketi mbele ya televisheni akiwakosoa wasoma habari. Si habari zao, mashati yao.

"Upande wa juu?" alisema. "Lete karatasi."

Akafuta meza kwa kiganja, akaanza kuchora, mistari yake ikinyooka kama aliyekuwa akichora chaki juu ya kitambaa. "Hapa ni mtaa wa bomba. Hapa kuna Fundi Mrefu, mwambie mimi ndiye niliyekutuma. Hapa kuna mama anashona magauni ya harusi, ana mdomo lakini mkono wake ni wa dhahabu. Hapa nyuma ya kinyozi mwenye kioo kilichopasuka wako ndugu wawili, mmoja anakata, mwingine anashona, na hawasemezani."

"Baba, hao wote bado wapo?"

"Waende wapi?"

Dada Vifungo alitabasamu, akaifuata kalamu. Kati ya mtaa wa bomba na mtaa wa ngazi, mzee alikuwa ameacha nafasi kubwa nyeupe. Yeye alikumbuka barabara pana pale, inayoteremka kuelekea shuleni.

"Na hapa katikati?"

"Hapo hapana kitu."

"Si palikuwa na barabara ya shule?"

"Nimesema hapana kitu. Chai inapoa."

Jumatatu alipanda na begi lake na karatasi ya baba. Fundi Mrefu alikuwa amefariki zamani, na mahali pake mwanawe alikuwa akitengeneza simu. Mama wa magauni ya harusi alihamia kwa binti yake nchi nyingine. Kinyozi hakuwepo, kioo hakikuwepo, na wale ndugu wawili, alivyoambiwa na jirani, walipatana siku moja ghafla, wakauza mashine, wakaenda kulima. Kila alipobisha hodi aliletewa habari za mtu ambaye baba yake, jana tu, alikuwa akimsema kama aliyemwacha barazani. Hapo akaelewa kwamba alikuwa ameshika ramani ya mji mwingine, mji ambao wakazi wake walikuwa hai kwa sababu tu mzee mmoja hakuwa ameambiwa.

Akaikunja karatasi, akaanza upya kwa njia yake. Alisimama kwenye kona, akalikumbatia begi lisilete kelele, akasikiliza. Cherehani haifichiki, hata ikiwa ghorofani nyuma ya pazia. Pasipo na sauti alitazama mapipa ya taka, kwa maana fundi anaweza kukuficha uso lakini hawezi kukuficha vipande vyake. Hivyo ndivyo alivyompata mama mmoja aliyeshona mapazia jikoni kwake, na vijana waliogeuza ukumbi wa ngazi kuwa karakana ya suruali, na bwana mmoja mpole aliyesema atanunua uzi mweusi kesho. Dada Vifungo alicheka moyoni. Kesho ya fundi aliijua tangu akiwa tumboni.

Kabla ya kushuka alipita kwenye jengo lao la zamani. Chumba cha baba, kile cha chini chenye mlango wa mbao, sasa kilikuwa na mashine za kunakili karatasi. Alisimama kizingitini. Hapa, upande wa dirisha, palikuwa na cherehani ya baba. Na pale, ikitazamana nayo, ya mwenzake, mwanamume mrefu wa maneno machache ambaye watu walimwita Fundi Kimya. Dada Vifungo akimwita baba mdogo, ingawa damu haikuwaunganisha. Alikumbuka harufu ya pasi ya mkaa juu ya kitambaa chenye unyevu, na jinsi alivyoketi chini ya meza ya kukatia akipanga vifungo kwa ukubwa, juu yake sauti mbili zikipishana: baba akiongea, baba mdogo akiguna. Mteja akija kulalamika nguo haijawa tayari, baba alitoa hadithi ndefu, na Fundi Kimya alitingisha kichwa kwa huzuni kama shahidi mahakamani. Mteja aliondoka akiwaonea huruma.

"Dada, nikusaidie?" aliuliza msichana wa mashine.

"Hapana, mama. Mnatumia uzi hapa?"

Msichana akamtazama, akatazama mashine zake, akasema labda aulize dukani. Dada Vifungo akashukuru, akatoka haraka kidogo.

Wiki ile alichomeka pini zake ukutani. Meneja alisimama nyuma yake, mikono kifuani.

"Umefanya kazi. Lakini ramani yako ina pengo kama mtoto wa miaka saba. Hapa katikati vipi?"

"Huko... nimeambiwa hapana kitu."

"Umeambiwa au umeona? Pasipo na pini ndiko kwa kwenda, dada yangu. Penye pini tumeshafika."

Hivyo Jumatano akaiteremka barabara ya shule. Hakuhitaji kusikiliza wala kutazama mapipa. Nusu ya mteremko palikuwa na jengo refu lililopakwa rangi ya maziwa, bango likisema: SARE ZA SHULE. Ndani, mashine zilipangwa safu kwa safu, na akina mama na vijana wameinamisha vichwa. Mwisho wa chumba, kwenye meza ya kukatia, alisimama mzee mrefu mwenye futi ya kitambaa shingoni.

Alimjua kabla hajageuka. Mgongo ule alikuwa ameutazama utoto wake wote kutoka chini ya meza.

"Shikamoo."

"Marahaba. Karibu. Unauza nini?"

Alifungua begi, akatoa kidonge cha uzi. Mzee akachomoa kipande, akakivuta karibu na sikio mpaka kikakatika, akasikiliza jinsi kilivyokatika. Akaitikia kwa kichwa, si vibaya. Kisha akamtazama usoni, akaendelea kumtazama.

"Wewe," alisema, "uliwahi kumeza kifungo."

Dada Vifungo akaweka begi chini. "Cha koti, baba mdogo."

"Cha koti la hakimu." Mzee aliketi. Kwa mtu wa maneno machache, hayo yalikuwa hotuba. Akaita chai iletwe, akamwuliza habari za watoto, na mama yake, naye akamweleza kuhusu mama. Mzee alisema pole, akammiminia chai mwenyewe.

"Na yeye? Bado anashona?"

"Macho yamechoka. Anaweka vifungo tu."

"Mh."

Walikunywa chai. Mwisho akasema uzi ni mzuri lakini ana mtu anayemletea, na mtu huyo hajamkosea. Dada Vifungo hakubishana; muuzaji anayebishana siku ya kwanza hana siku ya pili. Alipofika mlangoni mzee akamwita.

"Mwambie..." Akasita. "Hapana. Usimwambie kitu."

Ofisini alichomeka pini nyeupe katikati ya pengo, akamwandika mzee miongoni mwa wa kutembelewa mara moja kwa mwezi. Meneja aliiona kabla hata hajaketi.

"Karakana nzima ya sare, na wewe unaipa mara moja kwa mwezi? Fundi wa mapazia ya jikoni umempa kila wiki!"

"Meneja, yule ni... ni mambo ya nyumbani."

Meneja alimtazama kwa upole kuliko alivyotarajia. "Ya nyumbani siyaingilii. Lakini ukimpita kwa sababu ni ndugu, umemwonea. Mpe haki yake kama mteja. Mengine mtajuana."

Jumapili, mchana, wakiwa wawili mezani, Dada Vifungo aliweka kijiko chini. "Baba, pale ulipoacha peupe, nimekwenda."

Mzee aliendelea kutafuna.

"Anakusalimu," alisema, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kusema lile alilokatazwa.

"Hakunisalimu. Namjua. Angekusalimu wewe mpaka kuku wako, mimi angeniruka." Akatafuna tena. "Ana mashine ngapi?"

"Nyingi. Safu kwa safu."

"Safu kwa safu," alirudia baba, taratibu. Kisha akasukuma sahani. "Nilimwambia. Nilimwambia mtu anayeshona shati moja hilo hilo kutwa si fundi, ni mshona magunia. Yeye akitaka sare, akitaka barabara ya shule, akitaka wafanyakazi. Mimi nikamwambia nenda. Akaenda kweli! Miaka yote ile, asubuhi moja tu, kaenda. Hata kwaheri hakuna."

Dada Vifungo alikumbuka majira yale. Alikumbuka baba akirudi nyumbani mapema, na mama akimwekea chakula bila kumwuliza lolote. Alikuwa amedhani ni wateja waliopungua. Sasa aliona kwamba chumba kile kilikuwa kimepungukiwa na mguno.

Hakumsemesha zaidi. Lakini Jumanne mzee alitaka shati lake la mikono mirefu lipigwe pasi, na alipoulizwa anakwenda wapi akajibu kwa hasira, "Si kesho ni Jumatano? Nataka nione kola za watoto wa watu zimekaaje."

Njia ya Jumatano, iliyopangwa kwa uzi wa bluu ukutani na sasa ikipita karakanani kila wiki, ilikuwa na vituo vya kutosha na muda wa kubana. Mzee aliivuruga tangu kituo cha kwanza. Kila fundi alitaka kumsalimu, na kila fundi alitaka kukaguliwa. Kwa mama wa mapazia alikubali chai. Kwa wale vijana wa suruali aliketi kwenye ngazi akawaeleza jinsi ya kuweka mfuko ili usiachame mtu anapoinama. Yule bwana mpole wa kesho alinunua uzi mweusi siku ile ile, kwa aibu tu. Mbele ya jengo lao la zamani baba alisimama, akapapasa mbao za mlango, akasema, "Wamebadilisha kitasa," na wakaendelea.

Karakana ilinyamaza mashine kwa mashine walipoingia, kama mvua inavyokatika. Wazee wawili walisimama, meza ya kukatia katikati yao. Hakuna aliyesalimia. Baba alinyoosha mkono, akapapasa rundo la mashati yaliyokamilika, akachukua moja, akaipitisha kola kati ya vidole.

"Imevuta," alisema.

"Haijavuta."

"Upande wa kushoto imevuta. Hukupunguza kitambaa cha pembe kabla ya kuigeuza."

Fundi Kimya alilichukua shati, akalisogeza dirishani, akaligeuza. Wafanyakazi hawakupumua.

"Imevuta kidogo," alisema.

"Kidogo ndiyo imevuta!"

"Kola moja! Kati ya rundo zima umeshika hiyo moja!"

"Nimeshika ya juu. Kama ungejua nakuja ungeificha."

"Ningejua unakuja," alisema Fundi Kimya, na sauti yake ikapanda kwa namna ambayo Dada Vifungo hakuwahi kuisikia, "ningejua vipi unakuja, na miaka yote hii hukuja? Uliniambia nenda. Asubuhi nikarudi, mlango umefungwa kwa ndani, na mashine yako naisikia inakwenda. Nikasema basi, nimefukuzwa."

"Mlango?" Baba aliweka shati chini. "Mlango ule? Si ulikuwa unakwama mwenyewe kila siku ya mvua? Si wewe uliyekuwa ukiupiga teke kila asubuhi?"

Wakatazamana. Baba ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kibaya kilichoingia kikohozi. Lakini Fundi Kimya hakucheka.

"Mlango haukuwa neno," alisema. "Ningeweza kuupiga teke."

Baba akapapasa ukingo wa meza mpaka akapata kiti, akaketi. "Na mimi," alisema, "nilikusikia. Nilisikia miguu yako. Ningeweza kuinuka."

Mashine moja nyuma ikaanza tena, kisha nyingine. Fundi Kimya alivuta kiti cha pili, na Dada Vifungo akaona jinsi wote wawili walivyokuwa wamezeeka kwa namna moja, mabega yameinamia mbele kwa ajili ya nguo za watu wengine. Aliwaacha, akatoka kwenda kumalizia wateja wa mtaa wa ngazi. Aliporudi kumchukua baba, walikuwa wamewasahau hata wafanyakazi, wakitaja majina ya waliokufa na walioondoka. Baba aliambiwa kuhusu Fundi Mrefu siku ile, na akamlilia pale pale, kwa miaka yote aliyochelewa.

Tangu hapo Jumatano ilikuwa ya mzee. Kazi ya Dada Vifungo ilikuwa kumshusha pale asubuhi, naye aliketi karibu na meza ya kukatia, akipokea kola kwa vidole na kuzirudisha kwa maneno. Uzi wa kampuni haukununuliwa upesi. Fundi Kimya alimngoja yule muuzaji wake wa zamani mpaka alipomletea uzi uliooza, ndipo akageuka, akasema, "Sasa lete." Siku hiyo Dada Vifungo alibadilisha pini, na meneja akampigia makofi peke yake ofisi nzima ikimshangaa.

Upande wa juu ulijaa rangi. Ndiyo sababu hakuachiwa akae nao. Msimu wa shule ulipopita meneja alimwita, akamweleza kwamba ng'ambo ya mto kuna makazi mapya ambayo hayajachorwa na mtu, na kwamba anahitaji mtu wa kwenda pasipo na pini. Ilikuwa heshima, na iliuma kama heshima inavyouma. Alikubali. Mitaa ya juu ikapewa mama mmoja mnene mchangamfu, aliyeuza sabuni nusu ya maisha yake na kuzunguka mpaka nyayo zikaota sugu.

Walipanda pamoja siku ya makabidhiano. Dada Vifungo alimtambulisha mlango kwa mlango: huyu umwone asubuhi kabla wateja hawajaja kupima, huyu usimguse Ijumaa maana ni siku ya watu kudai nguo zao, huyu ukimwona amekaa kimya ujue anataka apunguziwe bei. Mgeni aliitikia kila neno. Wenyeji walimkagua kama wanavyokagua kitambaa kipya, wakimvuta huku na huku wamwone kama atachuja.

Karakana ya sare waliifikia mwisho. Wazee walimkaribisha mgeni kwa heshima zote, wakamvutia kiti. Kisha baba akamwinamia kana kwamba binti yake hayupo chumbani.

"Ni vizuri umekuja, mama. Huyu aliyetangulia alikuwa anatuchelewesha sana."

"Sana," alisema Fundi Kimya.

"Na vifungo vya kijivu alivyoleta mara ya mwisho havikuwa sawa."

"Viwili vilikuwa sawa," alisema Fundi Kimya, kwa haki.

Mgeni alimtazama Dada Vifungo, hajui acheke au aandike. Dada Vifungo alisema amesahau kitu nje. Alitoka, akasimama kwenye mteremko wa barabara ya shule. Watoto walikuwa wakitoka madarasani, wakipanda kwa makundi, mashati yametoka ndani ya suruali, na kila kola iliyompita ilikuwa imesimama wima. Alijifuta macho kwa ukingo wa mkono. Kisha akapiga hesabu ya saa. Ng'ambo ya mto, akiwahi, angeweza kutazama mtaa mmoja au miwili kabla ya jioni.